Mfanyakazi na Elimu: Kwa Nini Hatuwezi Kuacha Kujifunza



Katika kazi yetu ya kuzunguka gereji za Buyenzi, bandarini, viwandani na kwenye majengo yanayojengwa hapa Bujumbura, kuna jibu moja tunalolisikia kila tunapowaalika wenzetu kwenye masomo ya jioni. Jibu lenyewe ni hili: "Sisi umri umekwisha pita. Mambo ya kusoma tumewaachia watoto." Anayejibu hivyo si mvivu. Mara nyingi ni mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akabeba saruji au magunia mchana kutwa, na jioni anafikiria chakula cha nyumbani. Kwa hiyo hatuandiki makala haya ili kumlaumu. Tunaandika kwa sababu jibu hilo linatugharimu fedha, kazi na haki zetu. Tunataka kueleza linavyotugharimu, na jambo gani linaweza kufanyika.

HESABU YA DOLE GUMBA

Tuchukue mfano. Tuseme kibarua amepatana na mwajiri faranga 12,000 kwa siku. Mwezi huo amefanya kazi siku 26. Mshahara wake ni 26 mara 12,000, yaani faranga 312,000. Mwisho wa mwezi analetewa karatasi ya mshahara. Imeandikwa siku 24, faranga 288,000. Anaweka dole gumba, anapokea fedha, anakwenda zake. Faranga 24,000 zimepotea.

Huenda karani amekosea tu. Huenda si kosa. Kwa mtu asiyeweza kusoma karatasi hiyo, mambo hayo mawili ni sawasawa, kwa sababu hawezi kuuliza. Na likirudiwa kila mwezi kwa mwaka mzima, ni 24,000 mara 12, yaani faranga 288,000. Mshahara wa mwezi mzima umekwenda bila kelele. Zaidi ya hayo, siku atakapokwenda kulalamika kwa Mkaguzi wa Kazi, ataonyeshwa karatasi 12 zenye alama ya dole gumba lake, na karatasi hizo zitasema kwamba aliridhika.

Sasa tujiulize: mtu huyu alihitaji elimu kiasi gani ili ajiokoe? Hakuhitaji chuo kikuu. Alihitaji kujua tarakimu, kujua kuzidisha, na kuwa na daftari la faranga chache ambamo kila jioni anaweka alama ya siku aliyofanya kazi. Masomo ya miezi michache yangemtosha kwa hilo.

Mfano wa pili ni wa uzeeni. Mwajiri anatakiwa kumwandikisha mfanyakazi kwenye INSS na kupeleka michango yake huko. Mfanyakazi anayejua jambo hili ataomba namba yake, ataihifadhi, na mara kwa mara atakwenda kuuliza kama michango inafika. Asiyejua atangoja. Atagundua ukweli akiwa na miaka 60, nguvu zimekwisha, na mwajiri wake wa zamani amekwisha funga biashara au amehama.

Mfano wa tatu ni wa sheria yenyewe. Sheria ya kazi ya nchi yetu ilifanyiwa marekebisho tarehe 24 Novemba 2020. Ndani yake yamo mambo ya mkataba, saa za kazi, likizo, kuachishwa kazi na haki ya kuwa na chama. Lakini sheria hiyo imeandikwa kwa Kifaransa cha mahakamani, na mikataba mingi nayo huandikwa kwa Kifaransa. Sisi katika maisha yetu tunasema Kirundi na Kiswahili. Kati ya haki na mwenye haki umewekwa ukuta wa lugha. Ukuta huo hautabomoka wenyewe.

HATUKUIKATAA SHULE

Wapo wanaosema kwamba mtu asiyesoma utotoni amejitakia mwenyewe. Maneno hayo si ya haki. Wengi wetu tulio na miaka arobaini na kitu tulikuwa watoto wa shule vita vilipoanza mwaka 1993. Wapo ambao shule yao iliungua. Wapo ambao mwalimu wao aliuawa au alikimbia. Wapo waliokulia kambini huko Kigoma, na wapo waliobaki na mama peke yake wakalazimika kutafuta riziki wakiwa na miaka kumi na mbili. Karo ya shule ya msingi ilifutwa hapa nchini mwaka 2005. Kwa rika letu ilikuwa imechelewa. Sisi tulikuwa tumekwisha kuwa wabeba mizigo, mazamu, mayaya na mafundi.

Sisi tunaoandika makala haya tuliishia shule ya msingi. Kwa hiyo hatuzungumzi kama walimu waliosimama juu ya wanafunzi. Tunazungumza kama watu walioketi kwenye benchi moja nanyi.

Tena si kweli kwamba watu wazima wa nchi hii hawakupata kusoma kamwe. Wazee wetu wengi milimani walijifunza kusoma na kuandika Kirundi katika Yagamukama ya Kanisa Katoliki, bila kukanyaga shule ya kawaida. Na hapa Buyenzi wapo wazee waliosoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, wakajua herufi za Kiarabu kabla ya kuzijua za Kizungu. Mwanzo upo. Lililokosekana ni kuendelea.

SAMAKI NA BINADAMU

Kuna methali inayosema: samaki mkunje angali mbichi. Wenzetu huitumia kama hati ya kujitetea. Wanasema kwamba aliyekwisha kuwa mkubwa hakunjiki tena. Methali hii ni nzuri kwa malezi ya watoto, lakini haifai kwa jambo hili. Samaki wa methali amekwisha kufa. Binadamu yu hai, na kila siku anajifunza, apende asipende. Mtu aliyehamia mjini akiwa na miaka 35 amejifunza bei, njia, desturi na hata lugha mpya. Mama anayeuza mukeke na ndagala sokoni anatoa chenji haraka kuliko mwanafunzi wa sekondari. Mzee aliyekuwa haijui simu leo anatuma fedha kwa simu. Hiyo yote ni elimu.

Ni kweli kwamba mtu mzima hajifunzi kama mtoto. Mtoto hukariri haraka asichokielewa. Mtu mzima huchoka haraka akipewa kitu asichoona faida yake. Lakini ana mali ambayo mtoto hana: ana mambo aliyoyaona. Elimu mpya akiiegemeza juu ya mambo hayo, hukaa.

Mtazame mwashi anapopima kona ya nyumba. Anapima sentimita 60 upande mmoja, sentimita 80 upande wa pili, kisha anavuta kamba kutoka alama moja hadi ya pili. Ikitoka 100 kamili, kona imenyooka. Hakusoma jometri, bali ameishika mikononi. Sasa mweleze sababu: 60 mara 60 ni 3,600; 80 mara 80 ni 6,400; ukijumlisha unapata 10,000, na 100 mara 100 ni 10,000. Akiielewa sababu, atajua kwamba kwa nyumba kubwa ni afadhali apime mita 3, mita 4 na mita 5, kwa sababu kosa la kidole kimoja kwenye kipimo kifupi huwa kosa kubwa mwisho wa ukuta. Mikono yake ilikuwa na ufundi. Sasa imeongezewa akili ya kusoma ramani ya nyumba, na anayesoma ramani hakai kibarua siku zote.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalisemi. Mtu akipita miaka 40, macho huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Si ugonjwa wa ajabu. Ni umri, na humpata karibu kila mtu. Basi mwenzetu wa miaka 48 anafungua kitabu, anaona herufi zinacheza, anasema: "Kichwa changu hakishiki tena." Kumbe kichwa ni kizima; macho yanahitaji miwani ya kusomea. Tumeona watu wakirudi darasani kwa sababu ya miwani peke yake. Kabla hujasema huwezi, pimwa macho.

Na kuhusu umri, habari za Mzee Kimani Maruge wa Kenya zilienea dunia nzima. Serikali ya Kenya ilipofuta karo ya shule ya msingi mwaka 2003, yeye alikuwa mkulima asiyejua kusoma. Mwezi wa Januari 2004, akiwa na miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, akavaa kaptura ya shule akaketi na watoto. Alisema anataka kuisoma Biblia mwenyewe na kuhesabu fedha zake mwenyewe. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuzungumza Umoja wa Mataifa juu ya elimu. Alifariki mwaka 2009. Tazameni sababu zake mbili: asome mwenyewe, ahesabu mwenyewe. Ndizo sababu zetu pia.

JIRANI ZETU WALIVYOFANYA

Mfano wa mtu mmoja hautoshi. Tuangalie nchi nzima, tena si mbali. Tanzania, kwa hesabu ya watu ya mwaka 1967, ilikuwa na watu wazima wasiojua kusoma na kuandika wapatao 67 kwa kila 100. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 kampeni ikaanzia katika wilaya chache, zikiwemo Mafia, Ukerewe na Masasi, kisha ikaenea nchi nzima. Waliofundisha si walimu wa shule peke yao. Makarani, wanafunzi, na wakulima waliojua kusoma walifundisha wenzao, chini ya miti, misikitini, makanisani na viwandani. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma walishuka wakafika 39 kwa kila 100 mwaka 1975, na mwaka 1986 walikuwa chini ya 10.

Tunajifunza mambo matatu kutoka kwao.

Jambo la kwanza ni kwamba walifundisha kusoma pamoja na kazi. Mkoani Mwanza, tangu mwaka 1968, kulikuwa na mradi uliosaidiwa na UNESCO, na mtindo wake uliitwa kisomo chenye manufaa. Mkulima wa pamba alijifunza herufi katika kitabu cha pamba. Mvuvi, katika kitabu cha uvuvi. Mwenye ng'ombe, katika kitabu cha ng'ombe. Neno alilolisoma jioni alilikuta shambani asubuhi.

Jambo la pili ni kwamba walijifunza kwa vikundi. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Hawakuishia kwenye maneno. Na mwaka huohuo Waziri Mkuu, Rashidi Kawawa, ambaye kabla ya hapo alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliagiza mahali pa kazi pawe na mpango wa elimu kwa wafanyakazi.

Jambo la tatu ni la kutahadharisha. Aliyejifunza kusoma halafu asipate cha kusoma, husahau. Walilijua hilo, na kwa ajili hiyo walianzisha maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini. Gazeti la kanda ya ziwa, lililotoka Mwanza, liliitwa Elimu Haina Mwisho. Lakini miaka ya 1980 uchumi ulipokuwa mgumu, karatasi zilipungua, madarasa yakadhoofika, na miaka iliyofuata idadi ya wasiojua kusoma ikaanza kupanda tena. Hii si sababu ya kudharau kazi iliyofanywa. Inatufundisha kwamba elimu ni kama panga. Lisipotumika huota kutu, hata kama lilinolewa vizuri namna gani.

CHAMA CHA KATIBU MMOJA

Sasa tuseme juu ya chama chetu wenyewe, au sendika kama tunavyosema hapa mjini.

Katika matawi mengi yupo mtu mmoja au wawili wanaoweza kusoma sheria na kuandika barua. Kila kitu huwangojea wao. Wakiwa waaminifu, wanachoka. Wakihamishwa au wakifukuzwa kazi, tawi linakufa. Na wakinunuliwa, hakuna atakayejua, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuisoma karatasi waliyotia sahihi. Chama ambacho katibu peke yake ndiye anayesoma ni chama cha katibu. Si chama cha wafanyakazi. Mwajiri mjanja analijua jambo hili. Haogopi tawi lenye watu 200 wanaopiga kelele na mmoja anayesoma. Anaogopa tawi lenye watu 20 wanaosoma.

Waliotutangulia walilielewa. Tom Mboya wa Kenya alikuwa mkaguzi wa afya wa manispaa ya Nairobi. Mwaka 1955, akiwa tayari ni kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alikwenda kusoma mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa tabaka la wafanyakazi. Hakusema kwamba kwa kuwa ni kiongozi elimu yake imetosha. Mwaka 1958 kilifunguliwa Kampala chuo cha kuwafundisha viongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika. Mwaka 1961 Dar es Salaam ikafungua Chuo cha Kivukoni kwa watu wazima. Vyuo hivyo vilifuata wazo moja: anayedai haki lazima ajue hesabu, historia na sheria, sawa na anayedaiwa.

Na duniani jambo hili limekubaliwa kuwa haki. Mwaka 1974 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 140 juu ya likizo ya masomo yenye malipo. Maana yake ni kwamba mfanyakazi apewe muda wa kujifunza ndani ya saa za kazi bila kupoteza riziki. Masomo yenyewe yaweza kuwa ya ufundi, ya elimu ya jumla na ya uraia, au ya mambo ya vyama vya wafanyakazi. Majirani zetu Kenya na Tanzania wameukubali mkataba huo. Kwa hiyo tunapomwomba mwajiri saa mbili kwa juma kwa ajili ya masomo, hatuombi sadaka. Tunaomba kitu ambacho dunia ya kazi ilikwisha kukitambua zamani.

KAZI HAZITUNGOJI

Hata mtu asiyejali mambo ya chama atazame kazi yake mwenyewe. Fundi wa gereji alijifunza kusikiliza injini kwa masikio. Ujuzi huo bado una thamani kubwa. Lakini magari yanayoingia sasa yana kompyuta ndani yake. Kosa linaonyeshwa kwa namba kwenye mashine ndogo, na asiyeweza kusoma namba hiyo na maelezo yake atabaki kufungua na kufunga boliti kwa amri ya kijana aliyemfundisha jana. Fundi umeme anakutana na mitambo ya jua. Bandarini, meli za kwenda na kutoka Kigoma, Kalemie na Mpulungu zina karatasi za mizigo, na zaidi na zaidi karatasi hizo zimo ndani ya kompyuta.

Lugha nazo zimeongezeka. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka 2014 Kiingereza kikawekwa kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Mwaka 2022 Kongo nayo iliingia Jumuiya. Kiswahili tulichokuwa tukikisema Buyenzi na Bwiza, na ambacho wengine walikidharau kuwa lugha ya mitaani, leo ni mali. Dereva, karani wa mizigo na mfanyabiashara wa Burundi hukitumia kutoka Uvira hadi Mombasa. Lakini kusema peke yake hakutoshi. Anayekisema bila kukisoma wala kukiandika anatumia nusu ya mali yake.

Tunaongeza onyo moja. Elimu haileti kazi pahali pasipo na kazi, wala haiongezi mshahara yenyewe. Wapo vijana wenye diploma wanaozunguka mjini bila ajira. Asiwepo mtu wa kuwadanganya wafanyakazi kwamba wakisoma tu watatajirika. Tunalosema ni hili: katika mashindano ya riziki, mtu asiyejifunza ndiye wa kwanza kupunjwa na wa mwisho kujua kwamba amepunjwa.

NJIA TUNAYOPENDEKEZA

Warundi husema: Ubwenge burarahurwa. Maana yake ni kwamba akili huendewa kwa jirani, kama mtu anavyokwenda kuomba kaa la moto. Anayetoa kaa hapungukiwi na moto wake. Huo ndio mpango wetu.

1. Kikundi kidogo. Watu 8 hadi 10 wa mahali pamoja pa kazi, jioni mbili kwa juma, saa moja na nusu kila mara. Anayejua afundishe asiyejua. Aliyemaliza darasa la sita anaweza kumfundisha asiyejua herufi. Si lazima kungoja mwalimu mwenye cheti.

2. Kuanza na lugha ya nyumbani. Asiyejua kusoma kabisa aanze na Kirundi au Kiswahili, kwa sababu maneno anayajua na kwa sehemu kubwa yanaandikwa kama yanavyosikika. Akishika herufi katika lugha moja, amezishika katika zote.

3. Kusoma karatasi zetu wenyewe. Kitabu cha kwanza kiwe karatasi ya mshahara. Cha pili kiwe mkataba. Cha tatu kiwe kadi ya INSS. Cha nne kiwe maandishi yaliyo kwenye mashine na kwenye madebe ya dawa za viwandani, yale yanayosema sumu na hatari.

4. Maneno machache ya Kifaransa cha kazi. Si lazima kujua Kifaransa chote ili kujikinga. Anzeni na haya: contrat ni mkataba, salaire ni mshahara, congé ni likizo, cotisation ni mchango, préavis ni taarifa inayotolewa kabla ya kuvunja mkataba, licenciement ni kuachishwa kazi. Mtu anayeyatambua maneno haya sita kwenye karatasi anajua angalau wapi asimame na kuuliza kabla hajatia sahihi.

5. Daftari la kila mtu. Kila jioni aandike tarehe, saa alizofanya kazi, na fedha alizopokea. Kwa kufanya hivyo hapati nafasi ya kusahau, na daftari hilo litamsaidia siku ya mashitaka.

6. Kina mama wasisahauliwe. Masomo yakiwekwa saa moja usiku, mama mwenye watoto hawezi kuja, na yaya hawezi kutoka kwa tajiri wake. Waulizwe wenyewe saa gani inawafaa, na wanaume wabaki na watoto. Nyumba ambayo mama anasoma, watoto nao husoma.

7. Marufuku kucheka. Mtu mzima huogopa aibu kuliko kazi ngumu. Kikundi kikimcheka mmoja anayesoma polepole, juma lijalo watakosekana watatu. Kuuliza si ujinga. Na liandikwe ukutani.

8. Kudai muda. Kila tawi linapokwenda kujadili mkataba wa pamoja na mwajiri, liweke katika madai yake saa za masomo, chumba cha kusomea na taa. Mwajiri naye atapata faida. Mfanyakazi anayesoma maelezo ya mashine haivunji, wala hajiumizi ovyo.

Wapo watakaouliza: muda huo utatoka wapi, na miili imechoka? Ni swali la haki. Jibu letu ni hesabu nyingine. Jioni mbili kwa juma za saa moja na nusu ni saa 3. Kwa majuma 50 ni saa 150 kwa mwaka. Mtu aliyeanza akiwa na miaka 40 na kuendelea hivyo hadi miaka 60 atakuwa amesoma saa 3,000. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hakijai kwa mtu anayetia leo na kuacha miezi sita.

Ndugu zetu, tunaomba kila tawi lifanye jambo moja mwezi huu. Liandike orodha mbili. Ya kwanza iwe ya wanachama wanaotaka kujifunza, na kando ya kila jina jambo analolitaka: kusoma, hesabu, Kifaransa, kompyuta, sheria ya kazi. Ya pili iwe ya wanachama walio tayari kufundisha wanachokijua, hata kama ni kidogo. Orodha hizo ziletwe kwenye mkutano wa tawi, watu wa orodha ya kwanza wakutanishwe na watu wa orodha ya pili, na siku ya kuanza iwekwe palepale. Tusiseme tutaanza baada ya sikukuu. Karatasi ya mshahara wa mwezi huu itakuja kabla ya hapo, nayo itahitaji mtu wa kuisoma.